Mfarishi Mdogo wa Viraka Usio na Mchoro

SOMO LA KUSHONA



Karibu kila nyumba ina mfuko wa vitambaa usio na kazi. Ndani yake mna mabaki ya kitenge, upande wa kanga uliochanika, shati la shule lililokwisha kumbana mtoto, na pengine suruali ya mtu ambaye hatunaye tena. Kuvitupa hatutaki, na kuvivaa haiwezekani. Katika somo hili tutajifunza kazi moja inayoufaa mfuko huo. Tutashona mfarishi mdogo wa viraka, wa kutundika ukutani, wenye inchi 18 kila upande, yaani takriban sentimita 46. Tutaubuni papo kwa papo, tukiwa na mkasi mkononi, pasipo kuchora kitu chochote kwanza.

Mfarishi una tabaka tatu. Juu kuna uso, ambao ndio wenye viraka na ndio unaotazamwa. Katikati kuna kijazo, kitu laini kama pamba au blanketi kuukuu. Chini kuna mgongo, kitambaa kimoja kizima. Tabaka hizo hushikamanishwa kwa mishono inayopenya zote tatu. Mfarishi mkubwa hufunika kitanda. Huu wetu mdogo ni wa kutazama, lakini umeshonwa kwa njia ile ile.

Kuunganisha vitambaa vidogo ili kupata kimoja kikubwa si jambo geni kwetu. Inasimuliwa katika pwani yetu kwamba katika karne ya 19 wanawake walinunua leso za mkononi zilizopigwa chapa, wakaunganisha sita kuwa vazi moja, na ndiyo sababu mpaka leo watu wengi huiita kanga leso. Kwa hiyo asiogope mtu akidhani anaanza jambo la kigeni.

KUBUNI SI KUBAHATISHA

Mtu akisikia kwamba tutashona bila mchoro, huenda akadhani kwamba kila kitu kitakubaliwa. Sivyo. Tumfikirie malenga anayejibizana na mwenzake mbele ya watu. Hana karatasi wala hakuandaa maneno yake jana, lakini vina anavitunza na mizani anaihesabu. Uhuru wake umo ndani ya sheria. Akiacha vina na mizani, wasikilizaji hawatamsifu kwa uhuru, watasema amepotea.

Na kushona ni hivyo hivyo. Anayefuata mchoro huamua yote mwanzoni, kisha hutii. Anayebuni papo kwa papo huamua kidogo mwanzoni, kisha hutazama. Kila kipande anachokishona humwambia kipande kinachofuata kiweje. Hilo ndilo jambo moja tunalotaka kila msomaji aondoke nalo: kazi hii haitaki ujuzi mkubwa wa mkono, inataka jicho lenye subira.

WALIMU WETU

Kwa kazi ya namna hii tuna walimu wanaojulikana duniani. Ni akina mama wa Gee's Bend, kijiji kilichomo katika wilaya ya Wilcox, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Mto Alabama unakizunguka kijiji hicho pande tatu. Zamani palikuwa shamba la pamba lililolimwa na watumwa. Mwaka 1845 shamba hilo lilichukuliwa na bwana aliyeitwa Mark Pettway, na hata leo wazao wengi wa watumwa wale wana jina hilo la Pettway.

Watu wa kijiji hicho waliishi katika umaskini mwingi. Mwaka 1932 familia kama 60 zilinyang'anywa mifugo, vifaa vya kulimia na hata chakula kwa sababu ya madeni waliyokuwa nayo dukani. Nyumba zilikuwa za mbao zenye nyufa, na wakati wa baridi upepo ulipenya. Akina mama hawakuwa na fedha za kununua mablanketi. Wakachukua nguo za kazi zilizochakaa, magunia ya unga na ya mbolea, na kila kitambaa kilichobaki, wakashona mifarishi ya kuwafunika watoto.

Hawakuwa na kitambaa cha kutosha kufuata mchoro wa mtu mwingine. Mguu wa suruali ulikuwa na urefu wake, na gunia lilikuwa na upana wake. Basi walijifunza kupanga kwa kutazama. Namna moja waliyoipenda sana huitwa paa la nyumba. Huanza na kipande kimoja katikati, halafu kanda huzungushwa pande zote nne, ukanda juu ya ukanda, mpaka upana utimie. Ukiutazama mfarishi huo ni kama kutazama paa kutoka juu. Kila mama alilijua paa la nyumba, lakini hakuna aliyelishona kama jirani yake.

Mwishoni mwa mwaka 1965 kasisi mmoja, Francis X. Walter, wa Kanisa la Episkopali, ambalo ni la jamii ya Anglikana huko Marekani, alikuwa akipita katika wilaya ile. Akaona mifarishi imeanikwa kwenye kamba nje ya nyumba. Wakati huo Waamerika Weusi waliojiandikisha kupiga kura walikuwa wakifukuzwa kazini na katika nyumba walizopanga. Kivuko cha kuwavusha watu wa Gee's Bend kwenda mji mkuu wa wilaya kilikuwa kimeondolewa mwaka 1962, na hakikurudishwa mpaka mwaka 2006. Kasisi huyo akaona kwamba mifarishi ile ingeweza kuwapatia watu kipato kisichotoka katika mkono wa mwenye shamba. Mwaka 1966 wanawake wa Gee's Bend na vijiji vya jirani wakaunda ushirika ulioitwa Freedom Quilting Bee.

Hapa kuna jambo la kulifikiri. Maduka makubwa yalipoanza kuagiza, yalitaka kila kitu kifanane: kipimo kile kile, rangi zile zile, mishono iliyonyooka. Mwaka 1972 kampuni ya Sears iliagiza foronya za kodrai, kile kitambaa kizito chenye mistari ya manyoya. Wanawake walizishona kama walivyoagizwa, maana watoto walihitaji kula na kusoma. Lakini mabaki ya kodrai ile yalikwenda nyumbani, na huko yakageuka mifarishi ambayo hakuna duka lililoiagiza. Miaka 30 baadaye, mwaka 2002, mifarishi ya kijiji hicho ilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha katika jumba la Whitney jijini New York, na watu wakasimama mbele yake kama wanavyosimama mbele ya picha za wachoraji mashuhuri. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu 10 zenye picha za mifarishi hiyo. Ushirika wenyewe ulifungwa mwaka 2012, lakini kushona kulikuwako kabla yake, na hakukufa pamoja nao.

Hatusemi kwamba kazi ya kuagizwa ni mbaya. Fundi anayeshona sare za shule hawezi kubuni kola ya kila mtoto. Tunasema kwamba mtu anayeshona sare mchana kutwa anahitaji pia kipande cha kitambaa ambacho yeye mwenyewe ndiye mwenye kukiamua.

VIFAA

Vinahitajika hivi:

1. Vitambaa vya pamba vya namna tano au sita. Kanga, kitenge, kaki, shati na shuka vyote vinafaa. Tusichanganye vitambaa vinavyovutika, kama vya fulana, na visivyovutika, maana uso utajikunja.
2. Kijazo: kipande cha blanketi jepesi kuukuu, au pamba iliyotandazwa, inchi 21 kila upande.
3. Mgongo: merikani au shuka kuukuu, inchi 21 kila upande.
4. Mkasi mkali, sindano, pini, uzi imara wa pamba, chaki na utepe wa kupimia.
5. Pasi.
6. Kastabini ya kukinga kidole.

Cherehani ikiwapo itaharakisha kazi. Isipokuwapo, mkono unatosha kabisa. Wasio na fedha waende kwa fundi wa karibu na kumwomba mabaki anayoyafagia jioni.

HATUA YA KWANZA: KUCHAGUA NA KUFUA

Tufue vitambaa vyote kabla ya kukata. Kanga na kitenge vipya vina wanga wa kiwandani na vinaweza kuruka maji. Rangi nyingine hutoka. Ili kujaribu, tuloweshe kona ya kitambaa na kuisugua kwenye kitambaa cheupe. Cheupe kikipata rangi, kitambaa hicho kifuliwe peke yake mpaka maji yatoke safi, na kama hayatoki safi kiachwe.

Kisha tutenge mafungu matatu: vyenye giza, vyenye mwanga, na kimoja tu chenye rangi kali ya kuamsha jicho. Watu wengi hutazama rangi na kusahau giza na mwanga. Nyekundu na kijani vyenye giza sawa, ukivitazama kwa mbali, huwa kitu kimoja. Tufumbe macho nusu na kutazama: vitambaa vinavyoonekana kuwa kimoja viko katika fungu moja.

HATUA YA PILI: KUJIWEKEA MASHARTI

Kabla ya kukata, kila mmoja ajiwekee masharti matatu na kuyaandika. Kwa mfano: nitatumia vitambaa vitano tu, kila kijumba kitaanza na kipande cha shati la bluu, rangi kali itaonekana mahali pawili, si zaidi. Masharti haya ndiyo vina na mizani yetu. Asiyejiwekea masharti hukaa mbele ya vitambaa 20 saa nzima bila kukata hata kimoja.

HATUA YA TATU: KUSHONA VIJUMBA

Tukate kwa macho kipande cha kwanza, chenye pande nne, ukubwa wa kiganja. Pande zisilazimishwe kuwa sawa. Hicho ndicho kiini.

Tukate kanda za upana wa inchi 1 mpaka 3. Ukanda unaweza kuwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Tulaze ukanda juu ya kiini, uso kwa uso, kingo zikutane, tushone tukiacha robo inchi kutoka ukingoni. Tufungue, tupige pasi mshono ukilalia upande wenye giza, halafu tukate kilichozidi mwishoni. Kisha tugeukie upande wa pili, wa tatu na wa nne.

Kila tunapoongeza ukanda, tusimame na kuuliza swali moja: kinahitajika nini sasa? Giza limezidi? Tuongeze mwanga. Kanda zote zina upana mmoja? Tuweke wembamba. Hapo ndipo kubuni kulipo.

Tushone vijumba vinne, kila kimoja inchi 7 mpaka 9. Visilingane.

Tahadhari moja: tukikata kitambaa mshazari, yaani pasipo kufuata uzi wa mtande wala wa mshindio, ukingo huvutika kama mpira. Tusiuvute tunaposhona. Tunapopiga pasi tuiweke na kuinyanyua, tusiisukume mbele na nyuma.

HATUA YA NNE: KUTAZAMA UKUTANI

Tubandike blanketi au shuka zito ukutani kwa misumari midogo, na tushikize vijumba vyetu hapo kwa pini. Turudi nyuma hatua sita. Kitu kilicholazwa mezani hutazamwa kwa karibu, na jicho huona mishono. Kilichosimama ukutani huonyesha umbo lake lote.

Tuvihamishe. Kijumba cha juu kishuke, kingine kigeuzwe kichwa chini. Tufumbe macho nusu tuone jicho linakimbilia wapi. Likikwama mahali pamoja na kukataa kutoka, hapo pana kitu kizito mno, nacho kinahitaji mwenzake upande wa pili.

Tunashauri vijumba vikae ukutani usiku mmoja. Asubuhi, kabla ya kazi nyingine, tuvitazame kama wageni. Yale yaliyotusumbua jana yatakuwa yamejieleza au yatakuwa yamezidi. Vyote viwili ni faida.

HATUA YA TANO: KUUNGANISHA

Vijumba visivyolingana vinaunganishwaje? Njia ni nne.

Kwanza, kijumba kilicho kifupi kiongezewe ukanda. Pili, kilicho kirefu kikatwe, na kilichokatwa kihifadhiwe, maana kitatumika mahali pengine. Tatu, kijumba kilichokaa kimya mno kikatwe katikati, na ukanda mwembamba wa rangi kali uingizwe kati ya nusu zake mbili. Wengi huogopa hapa, kwa sababu wanakata kazi waliyokwisha kuishona. Lakini ukanda mmoja ulioingizwa hivyo mara nyingi ndio huuamsha mfarishi mzima.

Nne, kingo mbili zilizopinda zinaweza kukutanishwa hivi: tulaze kijumba kimoja na kingine, vyote uso juu, kimoja kikiulalia ukingo wa mwenzake kwa inchi moja. Tukate tabaka zote mbili kwa pamoja, kwa mkato mmoja wenye mpindo mdogo. Tuondoe vipande viwili vyembamba vilivyobaki. Sasa kingo hizo mbili zimepinda sawasawa, na zitashonana bila kugombana, mradi mpindo usiwe mkali.

Tuendelee mpaka uso ufikie inchi 19 kila upande. Inchi ile moja ya ziada tutaikata mwishoni.

HATUA YA SITA: TABAKA TATU

Tutandaze mgongo mezani, uso wake chini, na kuunyoosha vizuri. Juu yake tuweke kijazo, na juu ya kijazo tuweke uso wenye viraka, ukitazama juu. Tushikize kwa pini. Kisha tupige bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kuanzia katikati kwenda nje, mistari ikiachana kama inchi 4. Tukianza pembeni, mikunjo yote itakimbilia katikati na haitaondoka tena.

Halafu tushone mishono ya kudumu, sindano ikishuka na kupanda katika tabaka zote tatu. Tuanze katikati hapa pia. Mistari inaweza kufuata kanda, au kukata moja kwa moja kutoka upande mmoja mpaka mwingine, au kuzunguka kama mawimbi. Kama kijazo ni pamba, mistari isiachane zaidi ya vidole vitatu, maana pamba iliyoachwa wazi hukusanyika na kuwa madonge baada ya kufuliwa. Mishono ya mkono haina haja ya kuwa midogo kama ya mashine. Iwe na urefu unaofanana kwa kiasi, na uzi usikazwe mno.

Tukimaliza, tufumue bandi na kukata pande zote ili tubaki na inchi 18 kamili.

HATUA YA SABA: PINDO, MFUKO NA JINA

Kwa pindo, tukate kanda nne zenye upana wa inchi 2 na nusu: mbili za urefu wa inchi 18, na mbili za inchi 19. Kila moja ikunjwe kwa urefu wake na kupigwa pasi. Tuanze na zile za inchi 18, kushoto na kulia. Kingo mbichi za ukanda zikutane na ukingo wa mfarishi upande wa mbele, tushone kwa robo inchi, kisha tugeuze ukanda kuelekea nyuma na kuushonea kwa mkono, ukifunika mshono wa kwanza. Zile za inchi 19 ziwekwe juu na chini, na nusu inchi inayozidi kila mwisho ikunjwe ndani kabla ya kushonwa.

Kwa mfuko wa kutundikia, tukate kitambaa cha inchi 17 kwa 4. Tukunje na kushona pande mbili fupi, tukunje zile ndefu, na tukishone nyuma ya mfarishi karibu na ukingo wa juu. Sindano ishike mgongo na kijazo tu, isitokee usoni. Ufito mwembamba utapita humo.

Mwisho, tushonee nyuma kipande cheupe chenye maandishi: jina la mshonaji, mwezi na mwaka, na nguo zilizotumika. Mifarishi mingi ya zamani imepoteza majina ya walioishona kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuyaandika.

NGUO YA MTU ALIYETUTANGULIA

Tumeahidi kusema juu ya ile suruali iliyo ndani ya mfuko. Mwaka 1942 mama mmoja wa Gee's Bend, Missouri Pettway, alikuwa amefiwa na mumewe. Bintiye, Arlonzia, alieleza baadaye kwamba mama yake alichukua nguo za kazi za marehemu na kuzishona kuwa mfarishi, ili amkumbuke na kujifunika mapenzi yake. Mfarishi huo haukufichwa sandukuni, uliwekwa hadharani ukatazamwa na watu. Rangi zake zimepauka. Mahali ambapo mfuko wa nguo ya kazi hufumuliwa, kitambaa huwa bado kina rangi yake ya kwanza, iliyoiva.

Kwetu pia nguo za marehemu zina heshima yake. Katika koo nyingi hugawanywa baada ya matanga, na mgawanyo huo huwa na utaratibu. Kwa hiyo anayetaka kukata nguo ya namna hiyo afuate mambo manne.

Asikate peke yake. Nguo iliyokatwa haiwi shati tena. Awaulize kwanza walio na haki juu yake, na kama mmoja wao hajawa tayari, asubiriwe. Kitambaa kikihifadhiwa pakavu hakina haraka.

Agawe. Mgongo wa shati la mtu mzima hutoa kanda za kutosha kwa mifarishi midogo minne. Ndugu wanne waliokuwa wakigombea shati moja wanaweza kuondoka kila mmoja na sehemu yake, na hakuna aliyepata zaidi.

Aimarishe. Kiwiko na goti huwa pamechakaa. Kipande hicho kishonewe kitambaa chepesi kwa nyuma kabla ya kutumiwa, nacho kitadumu.

Asiirembeshe. Doa la rangi ya mlango alioupaka, tundu lililozibwa na mama yake, na kivuli cha mfuko alimoweka kalamu ndivyo vinavyomtambulisha mwenye nguo. Vikikatwa na kutupwa, kinachobaki ni kitambaa tu.

Masharti ya hatua ya pili yanatusaidia hasa hapa. Mtu mwenye majonzi hawezi kufikiri mambo mengi. Akiambiwa kwamba leo ataweka ukanda mmoja tu kuzunguka kipande kimoja tu, anaweza. Na kesho ataweka mwingine. Haba na haba hujaza kibaba.

NENO KWA WANAOFUNDISHA

Wanaoongoza madarasa ya kushona watapata jaribu moja, nalo ni kumnyooshea mtu mstari wake. Tunawasihi wasifanye hivyo. Mshono uliolegea usahihishwe, maana utafumuka. Mgongo uliokunjamana usahihishwe pia. Lakini mstari uliopinda kwa sababu mshonaji aliutaka upinde si kosa. Yafaa mwalimu aulize, "Ulipoutazama ukutani, uliona nini?" kisha anyamaze asikilize jibu. Darasa ambalo mifarishi yote imefanana limejifunza kushona, lakini halijajifunza kutazama.

MASWALI NA MAZOEZI

1. Tofauti kati ya kubuni papo kwa papo na kubahatisha ni nini? Toeni mfano mwingine, mbali na ule wa malenga, kutoka katika kazi zenu za kila siku.
2. Wanawake wa Gee's Bend walishona kwa kuagizwa, na pia walishona kwa kupenda. Je, sisi tuna nafasi ya kazi ya pili? Ni nini kinachoizuia?
3. Leteni vitambaa sita kila mmoja. Vipangeni kuanzia chenye giza zaidi mpaka chenye mwanga zaidi, mkiwa mmefumba macho nusu. Wapi mmekosa kukubaliana?
4. Kila mmoja ashone kijumba kimoja, wote wakianza na kitambaa kile kile. Vitundikeni pamoja ukutani, halafu kila mtu aseme aliamua nini na kwa nini.
5. Ikiwa nyumbani kuna nguo ya mtu aliyetutangulia, ni nani wanaopaswa kuulizwa kabla ya mkasi kuigusa? Andikeni majina yao, na mkawaulize.